Ana

Nyuma ya soko la Jumatano, Ibra,
wauzako wanawake na kununua wanawake,
nina chumba cha cherehani mbili na feni moja.
Nwe Nwe hushona humo kofia za viua,
tundu kwa tundu.

Miezi mitatu sikumlipa.
Mteja wa Sohar alinizungusha,
nami nikamzungusha yeye.
Hakudai. Alizidi kukaza uzi.

Nikamuuliza mwenyewe: Mbona husemi?
Akashika kifua. "Ana," akasema.

Nikangoja.
Kwa Kiarabu cha mtaani hiyo ni "mimi":
nikadhani sentensi inaanza,
mimi naondoka, mimi nashitaki.
Kwa lugha niliyonyonya Wete
ni mlango ulioachwa wazi:
ana nini? Ana njaa? Ana mgonjwa kwao?
Hakuongeza kitu.

Akachukua chaki ya kukatia,
akaandika mezani maduara yaliyofunguka ubavuni
(herufi zao nazo ni viua)
akayatenga mafungu mawili.
Aa: nguvu. Akakunja ngumi.
Na: kuuma. Akaifungua, akaipuliza
kama aliyeshika pasi ya moto.

Nguvu inauma.
Si kwamba hana. Anayo,
ila akiinyanyua juu ya mtu
inamchoma yeye kwanza.

Nikamwambia, kwetu hiyo ni haya.
Akakataa. Haya hukaa usoni, hungoja macho ya watu;
hii humjia hata gizani, peke yake.
Nikatoa soni, nikatoa staha,
kama mtu apekuaye chenji mkobani.
Hazikutimia.

Nani aliyaunga maneno hayo mara ya kwanza?
Hajui. Alilikuta kwa bibi yake, Pathein,
akikataa sahani ya pili
na tumbo lake linaunguruma, wote wanasikia.

"Ukipandisha sauti ya mwisho," akasema,
"kuuma kunakuwa sikio."
Nikajaribu. Nikajaribu tena.
Kila mara niliangukia kwenye maumivu,
sikioni sikufika.

Nikafungua mkebe wa biskuti, nikahesabu riali.
Akapokea kwa mkono wa kulia,
wa kushoto umegusa kiwiko.
Akahesabu polepole, akanirudishia tano:
nimezidisha.

"Haya," nikasema.

Nalo lina mawili ndani yake.
Mpaka leo sijui
nilisema lipi.