Jani la Katikati

Mwezi wa saba Bahi hunuka tope linalokauka.
Naingia kwenye ukindu na kisu cha jikoni,
kile kilichovunjika mpini,
nakata majani ya pembeni.
La katikati siligusi:
bado limejikunja, kama ngumi ya kichanga.

Mkwe wangu Mbeleje hakunifundisha kusuka.
Alinifundisha kuacha.

Mkonge naukata kwenye ua unaozuia mbuzi.
Mizizi ya mdaa naichimba upande mmoja tu,
nafukia, nakanyaga, naomba radhi kidogo.
Maji yanachemka
hadi yawe meusi kama chai ya rangi ya msibani.

Juzi bwana mmoja kaja na pikipiki kutoka mjini:
“Mama Ndahani, vikapu arobaini, Ijumaa.”
Nikamwonyesha kimoja, nusu,
ukili ukining'inia.
“Na vilivyobaki?”
Nikamwelekeza bondeni.
Vilivyobaki bado vinaota.

Akacheka. Mimi sikucheka.
Nililowesha vidole, nikarudi kwenye mshono,
maana mtama wa jirani unasubiri kupimwa
kwa kikapu ambacho hakijapata mdomo.