Nakala ya Savdara

Kadi ilikuja ndani ya soksi ya Nekqadam,
siku ya mwisho kabla theluji haijafunga njia ya Khorog.
Ukubwa wake, ukucha wa kidole gumba.
"Humu," alisema, akipiga chafya, "mna kamusi elezo nzima,
tiba, hesabu, ramani, vitabu elfu sita vya watoto."
Tukamtazama kama mtu anayetuuzia mbuzi kwenye gunia.

Betri tuliing'oa kwenye Kamaz lililofia mtoni.
Kikompyuta, kidogo kuliko kipande cha sabuni,
nilikifunga rafuni kwa uzi wa kufumia soksi,
mbali na jiko, maana samadi kavu ikiwaka
moshi wake una wivu na kila kitu kipya.
Usiku wa kwanza kunakili kulifika asilimia tisa.
Wa pili, arobaini na moja, kukagoma.
Wa tatu sikulala.

Alfajiri taa ya kijani ikapepesa
na simu saba za darasa la nane zikanasa mawimbi
yasiyotoka kokote, yasiyokwenda kokote,
yanayoishia kwenye zizi la Imomdod.
Ng'ambo ya zizi, kimya na theluji.

Watoto hawakuuliza habari za nyota wala za wafalme.
Waliandika: Savdara.
Ukatokea mstari mmoja.
Kijiji. Mita elfu mbili na mia tisa. Wakazi 112.
Na mto wetu ukaitwa kwa jina la mto wa bonde jingine.

Mto tuliusahihisha palepale; kufuli nilijua kulifungua.
Duniani kote kosa bado linatiririka.
Humu, hadi zizini kwa Imomdod,
maji yamerudi njiani.

Ikabaki idadi.
Nilihesabu paa kwa paa: themanini na saba.
Nikafuta 112.
Savsanbegim, aliyekuja kutafuta dawa ya goti,
akanishika mkono.
"Wangu umemweka wapi?"
Wake anazoa theluji ya watu, mwaka wa sita sasa.
"Yuko Moscow, mama."
"Na huko Moscow, wamemhesabu?"

Sikuwa na jibu.
Mashine, iliyojua uzito wa mwezi, nayo haikuwa nalo.
Nikairudisha: moja, moja, mbili.
Akaachia mkono wangu, akavuta kiti,
tukatafuta goti.