Chai ya Rangi

Tudor, saa moja asubuhi. Stima imerudi.
Mwanakombo afungua kiatamizi,
atoa kisahani, akiinua kwenye mwanga:
vidoa tele, buluu kama nili ya kufulia kanzu,

na vitatu vyeupe.

Buluu ni kimeng'enya kizima,
bado chakata sukari ya mtego.
Cheupe kimevunjika katikati,
humo tumepachika herufi zetu.
Ndicho akitakacho. Akidokoa kwa kijiti
kama atoaye mwiba.

Nyumbani Makadara, mamake
mwaka wa tatu hagusi maziwa.
Tumbo lamnguruma; asema ni uzee.

"Si uzee, mama. Ni kimeng'enya, kimekutoka."
"Kimekwenda wapi?"
"Sijui. Nduguye ninaye kazini, tele."
"Basi niletee,"
asema, akimimina chai ya rangi.