Kiherufi

Bwana Dhanji hakuinua macho alipouliza:
"Yaliyobaki makavu ni mangapi?"
Nikamwambia, machache.
"Machache vipi?" Akanisukumia taipureta.
"Andika. Bima hawalipi kwa Kiswahili."

Basi nimekaa hapa Shimanzi, gudauni nambari nne,
harufu ya gunia lililolowa imeniganda kooni,
na mbele yangu fyuu
na a-fyuu.

Yatofautiana kwa kiherufi kimoja,
cha kwanza kabisa, kile waimbacho watoto wa nasari,
kidogo kama chembe ya mchele iliyokwama mkekani.
Kitie: magunia yako, si haba, shukuruni.
Kiondoe: yako, lakini ni kama hayako.
Na magunia ni yale yale thelathini na moja.
Nimeyahesabu kwa chaki, mara mbili,
Kazungu akiniitikia.

Kwetu mchele mwingi, magunia mengi:
neno ni lile lile, hubadili kofia tu kwa heshima ya mgeni.
Wao wana neno la vinavyohesabika
na jingine la visivyohesabika,
na ole wako uvichanganye.
Lakini uchache wetu hukaa kwenye sauti.
Mama akiombwa sukari,
ana "iko kidogo" ya kutoa
na "iko kidooogo" ya kunyima,
na jirani wa Kibokoni hajakosea hata siku moja.

Jumanne, Makadara, wodi ya wanaume,
daktari alinivuta kando ya kitanda cha baba.
Alisema Kiingereza, upesi, akivua glavu.
Siku. Fyuu.
Mbele ya lile neno alivuta pumzi
au alisema a?
Feni ilikuwa ikikwaruza. Kitoroli cha chai kilipita.
Mama akanishika mkono: "Asemaje?"
"Siku chache, mama."
Akaniangalia mdomo, akingoja sauti imalizie.
Sauti sikumpa.

"Bado tu, Mwanasiti?"
Tayari, bwana.
Kwa watu wa bima nimeandika bila a.
Watulipe.
Kisha, kwenye kipande cha karatasi kisichodai kitu,
nimeipiga peke yake, mara moja,
a,
nikakikunja kipande, nikakitia kifundoni mwa leso
pamoja na nauli.
Wodi hufunguliwa saa kumi.