Hesabu ya Vichwa

Kazi yangu si kusema. Msemaji ni Ntaboba,
mwenye kofia ya majani na kipaza sauti kilichopasuka.
Mimi nahesabu vichwa.
Tulipoondoka Muhanzi vilikuwa kumi na vinne,
kila kimoja juu ya jile la rangi ya chungwa,
hata cha yule mhasibu kutoka Lubumbashi
aliyelalamika kwamba jile litamkunjia suti.

"Geukeni muone," asema Ntaboba, "Bukavu yenu hiyo,
mkono uliotia vidole vitano ziwani
kupima kama maji yamepoa."
Husema hivyo kila Jumamosi. Kila Jumamosi hucheka.
Mimi mkono ule nauona kucha:
mabati juu ya mabati,
udongo wa Kadutu unaoporomoka
kila mvua ijapo kudai deni.
Hayo hayamo katika ziara.

Katikati ya ziwa alizima mota.
"Chini yetu," akanong'ona, "kuna gesi imelala.
Msiogope. Imelala tangu enzi za mababu."
Watu wakashusha simu zao.
Kisha mtoto Ashuza, miaka sita, mdomo umejaa biskuti:
"Na ikilala, huota nini?"

Miaka tisa nimefanya kazi na Ntaboba.
Sikuwahi kumwona akitafuta neno.
Aliwasha mota.

Ibinja ilitupokea kwa mbuzi wawili na harufu ya kahawa
iliyoanikwa juu ya meza za matete.
Mhasibu alivua viatu, akakunja suruali,
akaingia majini hadi magotini
akicheka kicheko ambacho, nadhani, hata mkewe hakijui.
Wengine walipiga picha za mananasi,
wakapiga picha za watu wanaouza mananasi,
halafu wakaomba wapunguziwe bei.

Mama mmoja hakupiga picha.
Alikaa nyuma kabisa safari nzima, mkoba mapajani,
kama mtu aliye katika foleni ya hospitali.
Akaniambia, "Munipe dakika kumi,"
akapanda njia ya migomba bila kuuliza njia.

Dakika kumi zikazaa ishirini.
Ishirini zikaleta wajukuu.
Nikahesabu: kumi na tatu.
Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili,
kana kwamba vichwa huongezeka vikihesabiwa kwa adabu.
Upepo ulikuwa umeanza kukunja maji.
Ntaboba akatazama saa, akatazama wingu la Kahuzi,
akanitazama mimi.

Nilimkuta nyuma ya ua wa miyenzi,
amepiga magoti pasipo nyumba.
Palikuwa na mawe matatu ya jiko na majani yaliyoota katikati.
"Hapa tulikula," alisema. "Pale alilala kaka yangu.
Usiku wa kukimbia tulijazana mtumbwini,
mama akidhani yuko na baba,
baba akidhani yuko na mama.
Hakuna aliyehesabu vichwa."

Nilisimama na daftari langu mkononi,
daftari lile lile la mistari, la franka mia tano,
nikaona aibu kulifunga, nikaona aibu kuliacha wazi.

Tulishuka pamoja. Mkobani amechomeka
chipukizi la nanasi, mizizi bado ina udongo.
Alipokanyaga ubao wa mashua akaning'ang'ania mkono:
"Usinihesabu kwa namba. Unihesabu kwa jina."

Nsimire, nikaandika. Nsimire binti Kajibwami.
Basi wengine nao wakataka majina yao,
mmoja mmoja, mpaka mhasibu akataja matatu
na jina la utani alilopewa shuleni.
Tukachelewa zaidi.

Njia nzima ya kurudi Ntaboba hakugusa kipaza sauti.
Bukavu ilikuja gizani, umeme umekatika Nguba,
umerudi Bagira, vidole vingine vinawaka, vingine havionekani.
Ashuza alikuwa amelala juu ya jile,
akiota anachojua mwenyewe na gesi.

Gatini nikasoma majina kwa sauti.
Wote wakaitika.
Kilichopungua ni kiatu kimoja cha mhasibu.