Siku ya Kumi na Tisa

Swali lilianza kwa mzaha, jikoni kwetu, Muang Kham,
wali wa kunata ukifuka mvuke kikapuni.
Kaka yangu Thongsay alikuwa njiani kutoka hospitali ya Vientiane,
miezi minne, akirudi na mguu mmoja.
Kesho tungemfunga nyuzi nyeupe mkononi,
tuziite roho zake zote thelathini na mbili,
hata ile iliyobaki shambani
penye chuma kilichofukiwa na vita
vilivyokwisha kabla hajazaliwa.

Roho haziitwi mikono mitupu.
Huitwa kwa kuku mzima wa kuchemsha
na yai la kuchemsha, kiganjani mwa mgonjwa.

Kuku tulikuwa naye mmoja.
Wanasema kuku wa mkata hatagi.
Wa kwetu alitaga. Mayai tisa,
na hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa ameyaatamia,
kifua amekinyonyoa mwenyewe,
macho makavu kama mbegu.

"Haya," akasema mjomba Bounthan, "kipi kitangulie,
kuku au yai?"
Akacheka peke yake.

Dada Daovone, aliyesoma kilimo mpaka karo ikaisha,
alijibu bila kuacha kumenya vitunguu:
"Yai. Samaki walitaga, mijusi wakataga,
na kule nyuma ya mianzi kuku-mwitu akataga yai
lenye kifaranga aliyepungukiwa woga kidogo tu,
akasogelea moto wa watu.
Huyo ndiye kuku. Mama yake hakuwa."

"Na yai hilo nani alilikalia?" baba akauliza.
"Yai lisilokaliwa ni kitoweo."

Mjomba, mtawa wa miaka mitatu kabla hajamwona mkewe,
akachora duara kwenye jivu.
"Nionyesheni linapoanzia."
Mama akapita na ndoo, akalikanyaga.

Hapo ndipo Sengchanh, mwuza mayai, alipobisha hodi
na daftari lake kwapani.
Tukamwuliza na yeye.
"Kwangu mimi," alisema, akilamba kidole afunue ukurasa,
"deni ndilo la kwanza."

Mimi sikuulizwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja.
Nilipewa kisu nikakinoe.

Jiwe la kunolea lilikuwa karibu na kiota.
Nikasikia sauti. Nikalala kifudifudi, sikio juu ya majani:
ndani ya ganda mtu alilia, nyembamba, kama uzi,
na koo akajibu chini kwa chini, kooni.
Akalia tena. Akajibiwa tena.
Hawajaonana kamwe, na mazungumzo yamekwisha kuanza.
Sikumwambia mtu. Nilinoa polepole sana,
na kisu, hata hivyo, kikapata makali.

Mama akayafutika mayai yote kwenye sketi yake,
joto likiwa bado joto,
akayapeleka kwa bata wa jirani
aliyekuwa akiatamia mayai viza kwa ukaidi mtupu.
La kuchemsha tulikopa kwa Sengchanh.
Deni, kweli, likatangulia.

Thongsay alikaa katikati yetu, yai kiganjani,
nyuzi zikapanda mpaka karibu na kiwiko.
Mjomba alisoma kucha za kuku, akasema zimejikunja vizuri.
"Huyu ni yule wa kahawia?" Thongsay akauliza.
Tukampa wali.

Saba waliangua.
Wanamfuata bata kila mahali, wamemwamini moja kwa moja,
mpaka ukingo wa shamba la mpunga.
Jioni bata huingia majini, hugeuka, huita.
Wao husimama juu ya tuta, wakilia, miguu mikavu.
Huita tena.
Na Thongsay, na gongo lake jipya,
husimama nao
upande huo huo wa tuta.