Nukta ya Penseli

Fomu ya hataza ina swali la saba:
"Eleza kipi ni kipya katika uvumbuzi wako."
Sechelela kalisoma mara tatu kwa sauti,
kisha kanigeuzia skrini, kana kwamba mimi ndiye mjuzi.

Mimi? Karani wa mizani, soko la Kibaigwa,
miaka kumi na tisa ya vumbi la mahindi kwenye kope,
kidole cha kati kimeota sugu ya kalamu.
Kompyuta nilikuwa naiogopa kama deni la msiba.

Alikuja Julai, upepo ukivua watu kofia,
na begi lililoshonwa kwa uzi wa gunia.
Hakusema ameleta maendeleo. Wengi walishasema.
Alivuta ndoo, akaipindua, akakaa,
akatazama siku nne.

Aliona lumbesa, gunia lenye kilemba,
kilo mia na thelathini zikiitwa mia,
mkulima wa Kiteto akihesabu kwa midomo bila sauti,
dalali akihesabu kwa sauti bila midomo kutulia.

Aliona vitabu vyangu vitatu:
cha bwana soko, cha ushuru,
na changu, kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Hicho cha tatu nikopeshe usiku mmoja."

Umeme ulikatika. Alikisoma kwa tochi ya simu.
Asubuhi, macho mekundu kama pilipili ya kuanikwa:
"Mbukwenyi, Mzee Chidawali. Safu zote nimezielewa,
tarehe, jina, kilo, unyevu, bei, deni.
Ila hizi nukta za penseli pembezoni?"

Nikakohoa. Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nukta moja: huyu kalala sokoni, apimwe kwanza.
Mbili: kaacha mgonjwa wodini, asicheleweshewe fedha.
Tatu: hajui kusoma, asomewe namba mara mbili
mbele ya shahidi asiye dalali.
Nne niliziweka mara moja tu.
Hizo sikumwambia.

Akarudi baada ya masika.
Mzani ukaongea na skrini, skrini ikaongea na simu;
gunia halijashuka mgongoni mwa mpagazi,
ujumbe umeshalia mfukoni mwa mwenye gunia.
Kilo ikawa kilo. Kilemba kikavuliwa hadharani.
Dalali Nhonya akaimwagia mashine chai,
bahati mbaya, alisema, huku akiangalia pembeni.
Sechelela akaizika usiku kucha ndani ya uwele mkavu.
Ikaamka.

Na pale baada ya safu ya deni
aliweka kitufe kisicho na jina,
doa la kijivu, dogo kama tundu la fukusi.
Bonyeza mara moja: jina linapanda juu ya foleni.
Mara tatu: mashine inaisoma hesabu kwa sauti,
inanyamaza, inaisoma tena.

Wakaja wanunuzi wa programu, viatu vyao vikang'aa hadi saa nne.
"Kila kitu kizuri. Hiki kitufe hakina mantiki, kiondoe."
Akawamiminia chai. Kitufe kikabaki, wao wakaondoka.

Sasa wakili anasema mizani si mpya,
ujumbe si mpya, kujumlisha ndiyo kabisa.
"Basi nijaze nini?" ananiuliza Sechelela,
na anatoka kwenda kumtafuta mwenye jenereta.

Nimebaki mimi na skrini.
Nikabonyeza doa mara moja, mbili, tatu,
nikasikiliza upepo ukikwaruza mabati,
nikabonyeza ya nne.
Mashine ikauliza kwa adabu ya mwanagenzi:
Jina? Kilo?

Ndahani, wa Hogoro.
Alizeti, kilo kumi na mbili, mwaka wa njaa.
Nilizipunguza mimi, kwa mkono huu wenye sugu.

Nje jenereta likakohoa, likakubali.
Swali la saba bado tupu,
mshale wake unapepesa, unangoja.